Ua, Bustani na Viumbe wa Pori: Kuwakaribisha Wanyamapori Nyumbani katika Migori na Homa Bay

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kutengeneza bustani ya nyumbani inayowapa makao ndege, wadudu, popo na viumbe wengine wa pori katika kaunti za Migori na Homa Bay, kusini mwa Nyanza nchini Kenya. Yanabainisha kwamba ukaribisho wa aina hii si jambo geni katika eneo hilo, kwa kuwa boma la jadi lilikuwa na ua wa mimea hai, miti ya matunda na bustani ya mboga kando ya nyumba. Hata hivyo, historia ya ugonjwa wa malale inaonyesha kuwa si kila kichaka ni baraka. Hoja kuu ni kwamba kukaribisha ni kuchagua, na kuchagua kunahitaji kumjua mgeni kwa jina, kwa tabia na kwa makao yake. Mwisho, makala yanapendekeza kazi ambayo wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kuifanya katika uwanja huu.

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili, jina lenyewe la wanyamapori limebeba hukumu. Neno hili limeunganisha mnyama na pori, likamwekea kiumbe mipaka ya makao yake. Aliye nyumbani ni mfugo. Aliye porini ni mnyamapori. Na huyu wa pili anapoonekana uani, huhesabiwa kuwa mpotevu au adui. Mgawanyo wa namna hii umo pia katika Dholuo, lugha ya wakazi wengi wa Migori na Homa Bay, ambamo thim ni pori na dala ni boma. Lakini wapo viumbe wengi wa pori ambao hawana pori jingine ila lile lililo kati ya jiko na lango: ndege chozi anayefyonza mbochi ya mshubiri, popo anayezuru maua usiku, nyuki anayetoboa nguzo, na mjusi anayewinda mbu ukutani.

Kiswahili kina neno jingine linalofaa kuutangulia mjadala huu. Ua, ambalo wingi wake ni maua, ni chanuo la mmea. Ua, ambalo wingi wake ni nyua, ni uzio wa boma au eneo lililozungukwa na uzio huo. Ua, likiwa kitenzi, ni kutoa uhai. Wanafunzi wa semantiki hukutana na maneno haya darasani kama mfano wa kawaida wa vitawe, kisha wakapita. Katika boma la Nyanza Kusini, maana hizo tatu zimewahi kukutana mahali pamoja. Ua wa mimea yenye maua umewahi kuwalisha ndege, na ua huohuo ukaficha mdudu aliyeua watu. Yeyote anayetaka kupanda bustani ya kuwakaribisha wanyamapori katika eneo hili hana budi kuanza na ukweli huo.

2.0 Kwa Nini Nyumbani?

Huenda msomaji akauliza: kwa nini wanyamapori wakaribishwe nyumbani ilhali wametengewa mbuga? Jibu limo katika ramani. Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, iliyo katika Bonde la Lambwe, Kaunti ya Homa Bay, ilianza mwaka 1966 ikiwa hifadhi ya wanyama ya Bonde la Lambwe, kisha mwaka 1983 ikapewa hadhi ya mbuga ya kitaifa. Ukubwa wake ni kilomita mraba 120. Humo ndimo walimobaki korongo wa mwisho nchini Kenya, yaani wale swala wakubwa wenye pembe zilizopinda kuelekea nyuma. Sensa ya kitaifa ya wanyamapori ya mwaka 2021 iliwahesabu korongo 15 tu katika nchi nzima, wote wakiwa Ruma. Katika nyasi za mbuga hiyo hiyo hufika mbayuwayu wa buluu, ndege aliye hatarini, ambaye huzaliana kusini mwa Afrika na nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, kisha akaja kukaa kandokando ya Ziwa Victoria takribani kati ya Aprili na Septemba.

Ni wazi kwamba bustani ya nyumbani haiwezi kumwokoa korongo. Mnyama huyo anahitaji mbuga pana, ulinzi na majani marefu. Lakini nje ya Ruma, ardhi ya kaunti hizi mbili imegawanyika katika mashamba madogo ya familia. Miwa imetanda kuzunguka Awendo. Tumbaku, ambayo kukaushwa kwake kumekuwa kukihitaji kuni nyingi, imelimwa kwa miongo mingi upande wa Kuria. Makaa nayo yamedai sehemu yake ya miti. Kwa hiyo, maisha ya ndege wadogo, vipepeo, nyuki na popo hutegemea kile kinachoachwa kisimame kando ya nyumba za watu. Bustani moja ni ndogo mno kuleta tofauti. Bustani mia moja zilizopakana, zikiunganishwa na nyua za mimea hai, ni njia ambayo kiumbe mdogo anaweza kuifuata kutoka kijito hadi kilima bila kukatiza uwanja mtupu.

3.0 Boma la Jadi: Dala, Orundu na Ua

Ushahidi mkongwe wa uhusiano wa pori na nyumba katika eneo hili ni Thimlich Ohinga, boma la mawe lililo katika Kaunti ya Migori, yapata kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori. Kuta zake zilijengwa kwa mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo wa kushikanisha, na inaaminika kuwa ujenzi huo ulifanyika katika karne ya 16. Mwaka 2018, UNESCO iliuorodhesha mji huo wa kale kuwa urithi wa dunia. Jina lenyewe linafaa kuzingatiwa. Thimlich hufasiriwa kuwa msitu mzito wa kutisha, na ohinga ni boma lililozungushiwa mawe. Makao ya watu, basi, yalichukua jina la pori lililoyazunguka. Nyumba na pori havikuwa vitu viwili visivyojuana.

Boma la Waluo la baada ya hapo lilizungushiwa ua wa mimea badala ya mawe. Mmea mashuhuri kwa kazi hiyo ni ojuok, ambao Kiswahili huuita mnyaa na wataalamu huuita Euphorbia tirucalli. Mnyaa huota kwa kijiti kilichochomekwa ardhini, huvumilia ukame, na mifugo huuepuka kwa sababu ya utomvu wake mweupe. Utomvu huo ni hatari kwa macho, hivyo anayeupogoa hana budi kujikinga. Matawi yake yaliyosongamana huwa maficho ya ndege wadogo wanaokimbia mwewe, na hushikilia mitambaazi inayotoa maua na matunda.

Ndani ya ua, karibu na nyumba ya kila mke, palikuwa na orundu, yaani bustani ndogo ya mboga. Neno bustani, lenye asili ya Kiajemi, huleta akilini maua yaliyopangwa kwa mistari na majani yaliyonyolewa. Orundu haikuwa hivyo. Ilikuwa na dek, ambayo kwa Kiswahili ni mgagani. Osuga, yaani mnavu. Apoth, yaani mlenda. Boo, yaani kunde. Na mitoo, mboga ya jamii ya mikunde yenye maua ya manjano. Kwa jumla, mboga hizi zilidharauliwa kwa muda mrefu zikaitwa chakula cha maskini, hadi watafiti kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia walipozirejeshea heshima kwa kuonyesha thamani yake ya lishe. Thamani yake kwa viumbe wa pori haijazungumzwa sana, ingawa ipo. Maua ya mitoo huzuriwa na wale nyuki wakubwa weusi watoboao mbao, na vipepeo dume wa jamii fulani huyafuata mimea hiyo kutafuta kemikali wanazozihitaji kwa uzazi wao. Mkulima anayeacha mistari miwili ya mitoo ichanue na kutoa mbegu huwa amepata mbegu za msimu ujao na amewalisha wageni kwa wakati mmoja.

4.0 Miti na Wageni Wake

Bustani inayowakaribisha wanyamapori hujengwa kwa tabaka: miti mirefu, vichaka, mimea ya chini na majani yaliyooza juu ya udongo. Kila tabaka lina wakazi wake. Miongoni mwa miti, mkuyu ndio mwenyeji mkarimu kuliko yote. Waluo huita miti ya jamii hii ng'owo. Maua ya mkuyu yamefichwa ndani ya tunda lenyewe, na huchavushwa na nyigu wadogo sana wanaopenya kupitia tundu la tunda hilo. Nyigu wakitoweka, mkuyu hauzai. Mkuyu ukikatwa, nyigu hawana pa kutagia. Kwa kuwa mikuyu tofauti huzaa nyakati tofauti za mwaka, ninga, kwezi, hondohondo na popo hupata chakula hata wakati miti mingine imekauka. Mti huu una mizizi mipana na haufai kupandwa karibu na ukuta wa nyumba. Mahali pake ni pembeni mwa boma, au kando ya kijito.

Mwegea, unaoitwa yago kwa Dholuo, una wateja wa usiku. Maua yake makubwa mekundu yaliyokolea hufunguka giza linapoingia, na harufu yake huwaita popo, ambao ndio wachavushaji wake wakuu. Mti huu una nafasi ya pekee katika utamaduni wa Waluo. Mtu alipopotea na maiti yake isipatikane, kwa mfano aliyezama ziwani, tunda la yago lilizikwa badala yake. Mti uliosimama mahali pa binadamu aliyepotea haukukatwa ovyo. Hapa inaonekana namna mila ilivyoweza kuulinda mti na, kwa njia ya mti, ikamlinda popo, ingawa hakuna aliyekusudia kumlinda.

Mkwaju, yaani chwaa, hutoa maua yanayopendwa na nyuki na ukwaju unaopendwa na watoto. Siala, mti wa maua ya manjano ujulikanao kitaalamu kama Markhamia lutea, hukua upesi, huchipuka tena ukikatwa, na hutoa nguzo za kujengea; kwa sababu hiyo familia ina faida ya kuupanda bila kusubiri miaka mingi. Kwa tabaka la chini, mshubiri, au ogaka, hutoa maua marefu yenye mbochi. Hapo ndipo huonekana chozi mwenye kifua chekundu, ndege wa eneo la Ziwa Victoria, akining'inia kwenye bua huku akipitisha mdomo wake uliopinda katika ua baada ya ua.

5.0 Ua Unaoua: Somo la Lantana na Malale

Mmea ambao huenda ndio unaojulikana zaidi katika nyua za Nyanza leo si wa asili ya Afrika. Lantana camara ilitoka Amerika ya Kati na Kusini, ikaletwa kwa ajili ya maua yake ya rangi mchanganyiko, kisha ikatoroka bustanini na kuenea malishoni. Mojawapo ya majina yake katika Dholuo ni nyabend winy, jina lenye neno winy, yaani ndege. Aliyelitoa jina hilo aliona vizuri, kwani ndege hula matunda yake meusi na kusambaza mbegu zake kila wanapotua. Kwa macho ya mtu anayetafuta mmea wa kuwavutia ndege na vipepeo, lantana ingeonekana kuwa chaguo bora kabisa.

Historia inasema vingine. Mwaka 1964 ugonjwa wa malale ulizuka Alego, ambayo sasa iko katika Kaunti ya Siaya. Mbung'o wa spishi ya Glossina fuscipes, ambao kwa kawaida huishi kandokando ya mito na ziwa, walipatikana wakizaliana katika vichaka vya lantana vilivyozunguka nyumba za watu. Kwa maneno mengine, ugonjwa haukuwasubiri watu porini au mtoni. Ulikuwa umepewa makao langoni. Mwaka 1966 watafiti walichapisha ushahidi kwamba ng'ombe wa Alego waliweza kubeba vimelea vya ugonjwa huo bila wenyewe kuwatambua. Kabla ya hapo, mwaka 1958, vimelea hivyo vilikuwa vimepatikana katika damu ya pongo huko Nyanza, naye pongo ni mnyama wa vichakani. Katika Bonde la Lambwe, mlipuko mwingine mkubwa uliwapata watu mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Sababu ya kibayolojia ni rahisi kuieleza. Mbung'o hatagi mayai mamia kama nzi wa kawaida. Jike hulea buu mmoja tumboni, humzaa akiwa amekomaa, na buu huyo hujifukia katika udongo laini wenye kivuli. Ua mnene usiopogolewa, unaogusa ardhi na kuzuia jua, ni chumba cha uzazi kilicho tayari. Ng'ombe anayelala kando yake ni chakula. Mtoto anayecheza hapo ni chakula pia.

Mnamo Agosti 2025, Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imetokomeza malale kama tatizo la afya ya umma. Huo ni ushindi mkubwa kwa watu waliouguza na kuzika. Hata hivyo, kutokomezwa kwa ugonjwa kama tatizo la umma si sawa na kutoweka kwa mbung'o. Nzi huyo bado huwaambukiza ng'ombe nagana, na ushindi huo utadumu iwapo tu watu hawatamrudishia makao. Kwa hivyo, ushauri wa jumla unaosema kwamba vichaka vyote viachwe vikue vyenyewe kwa faida ya wanyamapori, ingawa unaweza kufaa Uingereza, hauwezi kupokelewa Lambwe bila kuhojiwa.

6.0 Mgeni Mdogo wa Mbita

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kuhitimisha kwamba kila kiumbe cha vichakani kifukuzwe. Huko Mbita, katika Kaunti ya Homa Bay, kuna kampasi ya Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ikolojia ya Wadudu, ICIPE, iliyopewa jina la mwanzilishi wa kituo hicho, mwanasayansi Thomas Odhiambo, aliyekianzisha mwaka 1970. Kandokando ya Ziwa Victoria huishi buibui mdogo mrukaji aitwaye Evarcha culicivora. Yeye hatandi utando wa kunasia. Huwinda kwa macho, kisha huruka. Mwaka 2005, Robert Jackson wa Nyuzilandi na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti ulioonyesha kwamba buibui huyu hupendelea kumla mbu jike aliyekwisha kunywa damu, na miongoni mwa mbu humpendelea Anopheles, yule anayeeneza malaria. Buibui hawezi kumng'ata mtu na kunywa damu. Huipata kwa kumla aliyeinywa.

Buibui huyu hukaa karibu na nyumba za watu. Huwinda kwenye kuta na vigogo vya miti, na hujificha katika majani yaliyo karibu na ardhi. Utafiti wa baadaye ulibainisha kwamba huvutiwa na harufu ya mimea miwili: mbarika na lantana, ileile lantana iliyowaficha mbung'o wa Alego. Hapa ndipo ugumu wa mada hii unapojitokeza waziwazi. Mmea mmoja unaweza kuwa makao ya adui na kivutio cha rafiki. Kuukata wote ni kumfukuza rafiki. Kuuacha wote ni kumfuga adui. Bila shaka, buibui peke yake hawezi kuimaliza malaria, na hakuna bustani inayochukua nafasi ya chandarua na matibabu. Lakini mwenye nyumba anayenyunyiza sumu kwenye kila ukuta na kila kichaka humwua askari asiyelipwa mshahara.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii huonya dhidi ya uvivu wa mgeni, lakini inaweza kusomwa upya katika bustani. Wageni wengi wa pori huja na majembe yao. Nyuki huchavusha kunde na maboga, mjusi hula mbu na nzi, popo huchavusha mwegea, na bundi hula panya wa ghalani. Wanachodai ni mahali pa kulala tu.

7.0 Hatua za Kutengeneza Bustani

Kutokana na maelezo yaliyotangulia, bustani ya nyumbani katika Migori na Homa Bay inaweza kutengenezwa kwa kufuata hatua zifuatazo.

Kwanza, ua. Upandwe kwa mimea mchanganyiko badala ya mmoja, kwa mfano mnyaa, mshubiri na siala. Palipo na lantana ya zamani, ing'olewe taratibu huku nafasi yake ikichukuliwa na mimea ya asili, ili ndege wasikose maficho kwa ghafla. Ua wote upogolewe kutoka chini ili jua lifike ardhini na upepo upite. Kwa njia hii, juu hubaki makao ya ndege na chini hapafai uzazi wa mbung'o. Zizi la ng'ombe lisigusane na kichaka kinene.

Pili, maji. Ndege na nyuki huhitaji maji wakati wa kiangazi, lakini maji yaliyotuama ni kitalu cha mbu. Sahani pana ya udongo yenye mawe machache ya kutulia inatosha, mradi maji yamwagwe na kubadilishwa kila baada ya siku mbili. Kiluwiluwi huhitaji muda mrefu kuliko huo ili awe mbu. Makopo, matairi na mashimo yanayokusanya mvua yaondolewe.

Tatu, chakula cha mwaka mzima. Mimea ichaguliwe ili mmoja unapomaliza kuchanua mwingine uanze. Mboga za orundu zisivunwe zote. Baadhi ziachwe zichanue.

Nne, makao. Gogo kavu lililosimama mbali na nyumba hutumiwa na kigong'ota, na mashimo yake hurithiwa na ndege wengine. Majani makavu yarundikwe chini ya miti kama matandazo, nayo yawe mbali na milango.

Tano, shamba lililo jirani na bustani. Haifai kuwalisha nyuki uani kisha kuwaua shambani kwa sumu. Njia ya Vuta-Sukuma, iliyobuniwa na ICIPE pamoja na washirika wake wa Kenya na Uingereza katika miaka ya 1990 na kufanyiwa kazi Mbita, ni mfano mzuri. Desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi, na harufu yake huwasukuma nondo ambao viwavi vyao hutoboa mabua, huku ikiwavuta nyigu wadogo wanaovishambulia viwavi hivyo. Mizizi yake hudhibiti kiduha, gugu ambalo Waluo huliita kayongo. Matete ya malisho yaliyopandwa pembezoni huwavuta nondo watage huko, na viwavi vingi hufia humo. Mkulima hupata mahindi, malisho na udongo wenye rutuba, na wadudu wenye faida hupona.

8.0 Mipaka ya Ukarimu

Si kila mgeni hukaribishwa. Kiboko hutoka ziwani usiku kula majani, na wakazi wa fuo za Homa Bay wanajua kwamba kukutana naye njiani ni kukutana na kifo. Bustani iliyo karibu na maji isipandwe malisho mabichi kuelekea ufuoni, na kiboko aliyezoea kuingia bomani aripotiwe kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya. Nyoka wenye sumu nao hufuata panya, na panya hufuata nafaka iliyomwagika. Ghala safi, njia pana isiyo na majani marefu na taa ya usiku ni kinga bora kuliko kuchoma kichaka chote.

Hata hivyo, kumbukumbu za eneo hili zinaonyesha kwamba uhusiano wa mtu na nyoka haukuwa wa chuki tupu. Huko Nyakach, katika Kaunti ya Kisumu inayopakana na Homa Bay, chatu aliyeitwa Omieri aliheshimiwa na wanakijiji kama mleta mvua na mavuno. Mwaka 1987 chatu huyo aliungua katika moto wa kichaka, na baadaye akafa kutokana na majeraha hayo. Mwaka 2003 chatu mwingine alionekana huko, akapewa jina lilelile, na wenyeji wengi walitaka aachwe akae kwa amani. Imani hiyo haimfanyi chatu kuwa mnyama wa kufugwa. Inachothibitisha ni kwamba jamii ilikuwa na msamiati wa kumpokea kiumbe wa pori kama mgeni mwenye hadhi.

Kwa upande mwingine, imani inaweza kuua. Bundi, anayeitwa tula kwa Dholuo, huchukuliwa kuwa mjumbe wa kifo, kama ilivyo pia katika sehemu nyingi za Uswahilini. Anapolia juu ya paa hurushiwa mawe. Kwa kufanya hivyo, mwenye boma humfukuza mwindaji wa panya, na panya humwita nyoka. Anayeogopa ishara ya kifo huwa ameifungulia mlango sababu yake.

9.0 Dhima ya Wanafunzi wa Kiswahili

Kukaribisha ni kuchagua, na mtu hawezi kuchagua asichoweza kukitaja. Hapa lugha inaingia kazini. Neno korongo, kwa mfano, humtaja swala wa Ruma, ndege mrefu wa majini, na pia bonde lililochimbwa na maji. Mwanafunzi wa Migori anayesoma kwamba korongo wamebaki 15 anaweza kufikiria ndege anaowaona mashambani kila mvua inaponyesha. Aidha, majina mengi ya ndege na mimea katika kamusi za Kiswahili yametokana na mazingira ya pwani, na viumbe wa Ziwa Victoria hutajwa kwa jina la jumla tu: ndege, mti, mdudu, jani. Kiumbe anayeitwa mdudu tu hupuliziwa sumu bila kuulizwa kazi yake.

Ilhali Dholuo, Kikuria na Kisuba zina hazina kubwa ya majina hayo, hazina hiyo imo vichwani mwa wazee, hasa wanawake waliolima orundu. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinaweza kuifanya kazi ya kuyakusanya, kuyalinganisha na majina ya kitaalamu, na kupendekeza visawe au kuyasanifisha yalivyo. Siala, orundu na ojuok yana haki ya kuingia katika Kiswahili kama bustani ilivyoingia kutoka Uajemi. Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji daftari, likizo moja nyumbani, na unyenyekevu wa kumuuliza bibi jina la mmea alioupita kila siku.

10.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba bustani ya kuwakaribisha wanyamapori katika Migori na Homa Bay haijengwi kwa kuacha kila kitu kiote, wala kwa kufyeka kila kitu. Boma la jadi lilitoa msingi: ua hai, orundu na miti yenye heshima. Msiba wa malale ulitoa onyo: kichaka kisichojulikana huweza kuua. Utafiti wa Mbita nao umeonyesha kwamba hata ukuta wa nyumba una mlinzi wake. Kilichobaki ni kwa kila familia kupogoa ua wake kutoka chini, kuacha mitoo ichanue, na kumtazama mara mbili kiumbe aliyeingia uani kabla ya kuinua kiatu.